Bobari Aliyojichagulia Asali

Dada yangu ana jicho moja, na kwa jicho hilo moja anaijua hali ya chuma kuliko watu wenye macho mawili wanavyozijua nyumba zao. Maneno haya si yangu, ni ya wakereza wenyewe, wachonga mbao kwa mashine, wanaume watu wazima ambao kila wiki hupanga foleni mbele ya kibanda chake na vyombo vyao vimefungwa kwenye magunia. Kibanda kiko nyuma ya chumba changu cha kushonea. Mimi ni fundi cherehani. Ukuta unaotutenganisha ni wa mbao, kwa hiyo mchana kutwa yeye husikia cherehani yangu na mimi husikia jiwe lake la kunolea, na tukigombana tunagombana bila kuonana sura.

Nasema mapema ili usije ukanilaumu baadaye: mimi si mtu wa kusamehe. Nimejaribu, imenishinda. Mtu akinikosea mwezi wa kwanza, mwezi wa kumi na mbili bado naweza kukwambia alikuwa amevaa shati gani. Dada ndiye mpole. Watu wakimwona na kile kitambaa cheusi cha jichoni, ambacho nimekishona mimi kama nilivyovishona vingine vyote, hudhani ni mnyonge. Wamesahau kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kazi yake ni kuchagua bobari na kuzinoa. Kwa asiyejua, bobari ni patasi yenye mfereji, imekunjwa kama mwanzi uliopasuliwa katikati, na ndiyo inayochimba tumbo la bakuli wakati kipande cha mti kinazunguka kwenye mashine ya kukereza. Bakuli ni kazi nzito kuliko mguu wa kiti. Katika bakuli, kila mzunguko mmoja chombo kinakutana mara mbili na nyuzi za mti zilizosimama, na kila mara kinapigwa. Chuma laini kinakuwa butu kabla hujafika kwenye kitako. Chuma kigumu kupita kiasi kinakatika. Kinachotakiwa ni kile kinachostahimili yote mawili, na hicho hakijulikani kwa kung'aa.

"Kung'aa ni kazi ya msasa," Dada huwaambia. "Mimi niambie ndani kuna nini."

Huanza kwa kuipima bobari mkononi, halafu hutazama kama kuta za mfereji zina unene sawa pande zote mbili. Huuliza chuma kimeingia kiasi gani ndani ya mpini, kwa maana kilichoingia kifupi kitachomoka siku usiyoitarajia. Mwisho huigusisha kwenye jiwe linalozunguka, mguso mmoja tu, na kutazama cheche. Chuma cha kawaida hutoa cheche za njano zenye matawi. Feleji nzuri, ile inayotengenezewa kekee za kutobolea vyuma vingine, hutoa cheche chache, nyekundu iliyofifia, zinazokwenda mbali kidogo na kufa bila kupasuka. "Hiyo chukua," husema. "Hata ikigeuka buluu kwenye jiwe usiogope, na usiitumbukize majini. Iache ipoe yenyewe." Wengine huitumbukiza kwa mazoea ya vyuma vya zamani, inapata nyufa zisizoonekana, kisha wanarudi kulalamika. Dada huwatazama kwa lile jicho moja mpaka wakumbuke kwamba wana shughuli nyingine.

Halafu kuna tupa, kile chuma chenye meno madogo cha kusugulia vyuma vingine. Tupa iliyochakaa bado ni chuma kigumu, na fundi bahili huona uchungu kuitupa, basi huipeleka kwa mhunzi akaikunje iwe bobari. Inashika makali vizuri sana, hapo sitadanganya. Lakini haivumilii kupigwa. Ikishtuliwa vibaya mara moja inakatika kama sahani ya udongo, na kipande kinachoruka hakiulizi njia. Cheche zake ni nyeupe, nyingi, zinapasukapasuka mpaka zinafunika jiwe. Mkereza aliyefundishwa na Dada akiziona cheche hizo anarudi nyuma hatua mbili. Dada mwenyewe hakufundishwa na mtu. Alijifunza baada ya kulipa.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa anakereza katika karakana ya Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba yetu. Ni karakana ndefu yenye paa la bati na mashine nne, na maranda yamejaa sakafuni mpaka vifundoni. Alianza kwa kufagia. Akaishia kukata bakuli jembamba kiasi kwamba ukiliinua juani unaona vivuli vya vidole vyako upande wa pili. Pamoja naye alikuwa binamu yetu, mtoto wa shangazi, ambaye mji mzima unamwita Asali kwa sababu ya ulimi wake. Asali anaweza kumwuzia kuku yai lake mwenyewe na kuku akashukuru. Kazi ya mkono ndiyo iliyompiga chenga. Hakuwahi kunoa chombo chake hata siku moja, alimpelekea Dada. "Dada yangu mpenzi, mkono wako una baraka," na Dada, mjinga wa siku zile, akanoa.

Karakana ile ina desturi yake. Anayetaka kukabidhiwa mashine kubwa, na usimamizi wa mafundi wote pamoja nayo, lazima akate bakuli la ushahidi. Mafundi wanakaa kwenye mabenchi kutazama. Yeye anakuja na bobari moja aliyoichagua mwenyewe. Mtu mwingine anainoa mbele ya wote, mara moja tu, kisha bakuli linakatwa mwanzo hadi mwisho bila kurudi kwenye jiwe. Hapo unapimwa mkono wako na akili yako ya kuchagua chuma. Na chombo kikikuvunjikia, basi, mkono umekukataa, na hutakereza tena chini ya paa lile maisha yako yote.

Jina la Dada ndilo lililotajwa kwanza. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Asali alikuja nyumbani na bobari mpya imefungwa kwenye karatasi, inang'aa kama kioo.

"Ni feleji, nimeiagiza mbali," akasema. "Ukiichagua hii, ukishinda wewe nimeshinda mimi."

Dada alilia kwa furaha. Mimi nilimshonea hata mfuko wa kuibebea, Mungu anisamehe.

Siku yenyewe ilikatika alipofika nusu ya tumbo la bakuli. Kipande chenye urefu wa kidole kiliingia katika jicho la kushoto. Nilikuwa nimesimama mlangoni, niliona kila kitu, na mpaka leo kinachonichoma si damu. Ni kwamba wakati watu wanambeba Dada kumtoa nje, Asali alishika ufagio. Mtu ambaye hakuwahi kufagia hata chini ya kitanda chake, siku hiyo alifagia kwa bidii, akazoa kila kipande cha ile bobari pamoja na mpini wake, na havikuonekana tena. Kisha akasimama mbele ya Baba Mkubwa, machozi yanamtiririka, akaapa.

"Mjomba, chombo kilikuwa kizima. Kosa ni mkono. Dada ana mkono mzito."

Baba Mkubwa akakubali. Shangazi akakubali. Mafundi nao wakakubali, kwa kuwa kukubali hakukuwapunguzia kitu. Dada aliporudi kutoka hospitali alikuta jina jipya linamsubiri, Mkono Mzito, na mlango wa karakana umefungwa kwake. Asali alipewa mashine kubwa bila kukata bakuli lolote, maana nani angekuwa na moyo wa kukaa tena kwenye benchi baada ya siku ile?

Miaka mitatu baadaye, kwenye msiba wa jirani, mhunzi mmoja alinivuta pembeni. Alikuwa mgonjwa na nadhani alitaka kutua mzigo. Akaniambia aliyeikunja bobari ile ni yeye, kwa tupa kuukuu, na aliyeileta tupa hiyo ni Asali. Alikuwa amemwonya kwamba asiikatie bakuli, itavunjika, na Asali akajibu kwamba anajua. Nilimsihi aje aseme hayo mbele ya watu. Alikataa, kwa sababu mkono uliopiga nyundo ulikuwa wake, na kabla ya mwaka kuisha akafariki na siri yake.

Nilikimbia kumweleza Dada. Alikuwa ananoa, na hakusimamisha jiwe.

"Alijua?" akauliza.

"Alijua."

Akamaliza kunoa, akafuta makali kwa kitambaa, akachukua bobari nyingine. Mimi nilikuwa tayari nimeshika mkasi wangu mkubwa niende nikamkate mtu masikio. Akaniambia niketi.

Ndipo alipoanza kisasi chake, ingawa mimi nilichelewa kukielewa. Alianza kuwafundisha cheche wakereza wa mji, bure, mmoja mmoja, wote isipokuwa mmoja. Na kila sanduku la bobari za mitumba lilipofika kwa Mzee Kutu, muuza vyuma, Dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kulichambua. Alichukua kila kilicho kizuri. Ambacho wateja wake hawakukihitaji alikilaza chini ya kitanda chetu, kimepakwa mafuta na kufungwa kwenye vitambaa nilivyobakisha kwenye mishono. Asali alipofika dukani alikuta makapi. Kwa miaka minane alikereza kwa makapi, akatoa mabakuli manene kama vinu, akawaambia wateja kwamba siku hizi ndiyo mtindo. Nilikuwa nayatazama mabakuli hayo sokoni na kujisikia vizuri siku nzima.

Lakini jina la Mkono Mzito halikuondoka. Wale wale waliopanga foleni kibandani, wakiwa wenyewe walisema, "Jicho analo, tatizo ni ule mkono." Nilimwona Dada mara nyingi, kazi ikiisha, anaitazama mikono yake kama mtu anayetafuta doa. Hilo ndilo alilotaka kurudishiwa.

Mwaka huu Baba Mkubwa, ambaye miguu imemchoka na sikio lake la kulia limekufa kabisa, alitangaza kwamba anampa Asali karakana yote. Kwa mara ya kwanza mafundi walimpinga. Walisema hawatamwita mkuu mtu ambaye hajakata bakuli la ushahidi. Siku ikapangwa. Na kwa kuwa chombo kinatakiwa kinolewe na mtu ambaye wote wanamwamini, walikuja kumwomba Dada.

Shangazi naye akaja, siku ya pili yake, na mfuko wa matunda.

"Mwanangu," akaanza kabla hata hajakaa, "damu nzito kuliko maji."

"Yangu niliiona, Shangazi," Dada akajibu. "Haikuwa nzito kiasi hicho."

"Mchagulie ndugu yako bobari. Moja tu. Chuma unakijua wewe, mwenzio hajui."

"Amekutuma?"

"Anaona aibu kuja."

"Aibu ameianza lini?" nikauliza kwa sauti kutoka upande wangu wa ukuta. Shangazi akajifanya hajanisikia.

"Kumchagulia siwezi," Dada akasema. "Desturi ni kila mtu na chaguo lake. Lakini kunoa nitanoa, nimeshawaahidi mafundi. Mwambie mwanao nitamnolea kama zamani."

Shangazi alimshika mikono yote miwili, akambariki, akaondoka anafuta machozi kwa pembe ya kanga. Matunda yale mimi niliapa sitayatia mdomoni. Dada aliyala yote.

Nilipiga kelele siku hiyo mpaka mteja wangu akaondoka na nguo isiyo na pindo. Nilimwita Dada mjinga, nilimwita godoro la kulaliwa na kila mtu. Alinisubiri nichoke. Kisha akavuta kutoka chini ya meza kitu kilichofungwa kwenye gunia, akanionyesha bobari ndefu, nzuri, yenye mpini mpya, inang'aa mpaka nikajiona meno.

"Tupa," akasema.

Aliikuta miezi miwili nyuma kwenye sanduku la Mzee Kutu. Cheche zilipotoka nyeupe aliugonga mpini ukachomoka, na ndani, pale ambapo jiwe la fundi halikufika, meno ya tupa yalikuwa bado yamejipanga. Angeweza kuitupa. Badala yake aliichongea mpini mpya akaisugua kwa msasa siku tatu.

"Utampa?" nikauliza.

"Nimpe ya nini? Atachukua mwenyewe."

"Dada, itamvunjikia."

"Yangu haikunivunjikia?"

Akaifunga tena kwenye gunia na kurudi kwenye jiwe lake. Nilimwogopa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na pia nilitaka kumbusu. Sitasema uongo hapa nijifanye mtu mwema. Nililitaka jicho la Asali. Nililitaka kwa moyo wote, nikiwa macho na nikiwa usingizini, nikafika mahali pa kuchagua kabisa kitambaa nitakachomshonea: kile cha rangi ya haradali ambacho hakuna mteja aliyewahi kukitaka.

Duka la Mzee Kutu ni chumba kirefu kisicho na dirisha, kinanuka grisi, na balbu moja inaning'inia juu ya masanduku. Tulifika mapema siku tatu kabla ya bakuli, Dada akiwa na ile bobari kwenye kapu lake. Tulijua Asali atakuja. Tulijua pia jinsi atakavyochagua, maana alikuwa na njia moja tu: kwa miaka yote hiyo aliposhindwa kukisoma chuma alimsoma Dada usoni, akaona ameshika nini kwa muda mrefu na ameachia nini haraka.

"Dada yangu mpenzi!" akaita kutoka mlangoni. "Ama kweli milima haikutani, binadamu hukutana."

"Karibu, ndugu yangu. Chagua."

Wakainama pamoja kwenye sanduku. Asali aliinua bobari fupi iliyoliwa kutu, na moyo wangu ukaruka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona Dada akiigusisha kwenye jiwe la dukani asubuhi ile na cheche zake zilikuwa nyekundu, chache, zinakufa kimya. Ilikuwa chuma bora kuliko vyote mle ndani. Dada alikuwa ameirudisha makusudi. Asali akaigeuza, akamtazama Dada usoni, akakuta anapiga miayo.

"Hii imeoza," akasema, akaitupa. Mzee Kutu akaangalia dari.

Ndipo Dada alipoitoa ile ya kapuni, taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana. Akaijaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba. Akatabasamu kidogo, akaifunga haraka kwenye kitambaa, akaiweka kwenye kaunta.

"Mzee, niangalizie hii," akasema. "Nakwenda kunywa maji, koo limekauka."

Akanivuta mkono tukatoka. Tulisimama kwenye bomba la nje, Dada akanywa maji kweli, vikombe viwili. Tuliporudi Asali hakuwepo, na juu ya kaunta palikuwa na noti na kitambaa kitupu.

"Nimemwambia ni yako," Mzee Kutu akasema, hana raha. "Akasema ninyi ni ndugu, mtamalizana nyumbani. Mama, mimi simo."

"Humo, Mzee," Dada akamwambia. "Wala mimi simo. Amechagua mwenyewe."

Siku ya bakuli la ushahidi mafundi tisa walikaa kwenye mabenchi, na nyuma yao, karibu na mlango ambako vumbi ni kidogo, Baba Mkubwa kwenye kiti chake cha mkono. Shangazi alikuwa pembeni yake na nguo mpya ambayo hakuishonesha kwangu. Dada aliingia chini ya bati lile kwa mara ya kwanza tangu atolewe akiwa amebebwa. Alipita karibu na mashine kubwa bila kuitazama, akasimama kwenye jiwe la kunolea, akaikunja mikono ya gauni lake.

Asali alimkabidhi bobari mbele ya watu wote, anacheka.

"Dada, hii uliisahau dukani. Nikaona nisiiache ikaibwa."

Mafundi wakacheka naye.

"Umefanya vizuri," Dada akasema, akawasha jiwe, akaigusisha.

Cheche zilitoka nyeupe. Zilikuwa nyingi hata zikamfunika mkono, zinapasuka kila upande, na kicheko kwenye mabenchi kikakatika. Wanane kati ya wale tisa walikuwa wanafunzi wake. Mmoja aliinuka nusu, mwenzake akamshika shati akamkalisha. Wakamtazama Dada, kisha wakatazamana wao kwa wao, na hakuna aliyefungua mdomo. Asali peke yake alikuwa anatabasamu, anajifunga aproni, anafurahia mwanga. Dada hakufanya haraka. Aliinoa upande huu na upande huu, vizuri kabisa, kama alivyomnolea zamani, akaifuta, akampa.

"Kali," akasema. "Kata."

Asali akawasha mashine. Kipande cha mti kikaanza kuzunguka, kizito, cheusi, kinavuma. Akaiegemeza bobari kwenye kiegemeo na kuisogeza mbele. Nilihama mahali nilipokuwa nimesimama ili niuone uso wake vizuri, na hilo pia sitalificha.

"Asali," Dada akaita, bila kupaza sauti. "Unajua umeshika nini?"

"Bobari yangu."

"Ni tupa."

Alicheka. Akageukia mabenchi achekewe, na hakuna aliyemcheka. Akaitazama ile ncha, ikiwa imebaki upana wa kidole ifike kwenye mti, na nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo kuanzia machoni.

"Unanitisha tu."

"Waulize wenzako. Wote wameona cheche."

Fundi wa mashine ya tatu, mzee asiyependa maneno, akatikisa kichwa kukubali.

"Lakini usiogope," Dada akaendelea. "Uliapa hapa hapa ulipokanyaga, kwamba chombo hakina kosa, kosa ni mkono. Mkono wangu ni mzito, mji mzima unajua. Wako ni mwepesi. Kata, ndugu yangu, upewe karakana yako."

Mashine ilikuwa inavuma. Asali aliishika bobari kwa mikono miwili, ncha inacheza hewani. Alijaribu. Nakuapia alijaribu, alisogea hata nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo umegota ukutani.

"Umenitega!" akapiga kelele. "Unataka initoboe jicho kama ile..."

"Kama ile ipi?" Dada akauliza.

"Usiseme!" Shangazi akalia kutoka nyuma. "Mwanangu, usiseme!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba Shangazi naye alijua. Miaka yote ile, na matunda yake, na baraka zake, alijua. Mafundi nao walielewa, kwa sababu vichwa vyote tisa vilimgeukia kwa pamoja, kisha vikarudi kwa Asali. Yule mzee wa mashine ya tatu aliinuka, akanyoosha mkono, akazima umeme. Mti ukazunguka, ukapunguza, ukasimama.

"Malizia," akasema mzee.

Asali alitazama mlango. Ulikuwa mbali, na watu tisa walikuwa kati yake na huo mlango. Ule ulimi wote ambao ungeweza kumwuzia kuku yai ulikuwa umemkauka, na neno lilipotoka lilitoka dogo, limeparara.

"Kama ile tupa niliyokupa," akasema. "Nilijua itavunjika."

Nilisikia cherehani ya mwili wangu ikisimama. Nilitaka kupiga vigelegele, nilitaka kulia, nilitaka kumrukia nimng'oe meno, vyote mara moja. Dada hakufanya hata kimoja. Alikuwa amesimama pale pale kwenye jiwe, mikono yake ameiweka wazi juu ya meza, vidole vimenyooka, kila mtu aione.

"Rudia," akasema. "Walio nyuma hawajasikia."

Baba Mkubwa alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake, kiganja nyuma ya lile sikio lake zima, anasubiri. Asali akarudia.